Doria ya Ijumaa

Saa nne usiku. Husavik imezama thelujini hadi magotini,
nasi wazazi watatu, vizibao vya njano juu ya makoti,
tunatembea. Ndiyo kazi yenyewe, kutembea.
Hatuna filimbi wala kirungu, hatuna amri juu ya mtoto wa mtu.
Ragnheidur, daktari wa meno, amebeba kakao ya moto kwenye thamosi.
Ketill amebeba mzaha wake ule ule wa wiki jana.
Mimi nina tochi,
na peremende ya mnanaa chini ya ulimi.

Tunazunguka nyuma ya bwawa la kuogelea penye mvuke,
kituo cha mafuta, ukuta wa kanisa, uwanja wa mpira.
Theluji haifichi siri, huihifadhi tu:
kifuko cheupe cha nikotini, kimetemwa,
kimelala pale kama jino la utotoni.
Ragnheidur anakiokota kwa glavu, hasemi neno.
Anavijua vinywa hivi kwa majina.
Anaujua ufizi uliochubuka wa mtoto wa miaka kumi na minne
anayeapa kuwa ni mswaki.

Kibandani mwa basi wako watatu.
Boksi la maziwa ya mgando linazunguka mkono kwa mkono,
na kilichomo si maziwa.
Wa katikati ni Salka, mlinda lango wa timu ya wasichana,
glavu za mchezo bado mikononi,
ameshika boksi kama mpira alioudaka dakika ya mwisho.

Ketill akasafisha koo, hotuba ikiwa njiani.
Ragnheidur akamkanyaga mguu.
Akamimina kakao, vikombe vitatu,
akauliza jambo moja tu:
"Nyumbani yuko nani?"
Hakuna aliyejibu. Mmoja akatazama viatu vyake.

Nikainama na tochi yangu, mwema, mwangalifu, baba wa watu,
Salka akaniambia taratibu, bila ufidhuli:
"Steinar, mnanaa hauzibi kitu.
Ninyi mwatunusa sisi. Nami nimekunusa."

Upepo ulitoka baharini ukapita katikati yetu.
Ketill akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Nilirudi nyumbani na kizibao kikiwaka gizani kama shutuma.
Jikoni, nyuma ya debe la unga, chupa yangu.
Miezi yote hiyo naishika shingoni tu,
sikuwahi kuisoma lebo yake.
Usiku ule niliisoma.
Mistari ya penseli, midogo, imenyooka, kila mmoja na tarehe,
mwandiko wa Eydis wangu, mwenye miaka kumi na mitatu,
yule yule niliyemsimamisha kila siku ya kuzaliwa
kwenye mwimo wa mlango, kitabu juu ya utosi,
nikachora kimo chake.
Ile ya mlangoni inapanda.
Hii ya chupani inashuka.
Mtoto amekuwa akinipima,
na mimi nikidhani ndiye anayelelewa.

Sikuimwaga. Nisiseme uongo.
Niliketi nayo mpaka taa ya barabarani ikazimika,
mdomo umekauka, mikono haijui pa kukaa.
Kisha nikachukua penseli
nikachora mstari wangu juu ya mstari wake wa jana,
pale pale, usizidi wala usipungue,
nikaandika tarehe.
Kesho yake tena. Keshokutwa tena.
Jumatano nilitetemeka hadi kijiko kikaimba sahanini,
na Eydis akaongeza sauti ya redio
ili nisione kwamba amesikia.
Mistari ikalundikana mahali pamoja
hadi karatasi ikatoboka.

Ijumaa nilitoka bila peremende.
Baridi iliingia kinywani ikakuta pako wazi.
Kibandani Salka alikuwa peke yake,
akanisogelea, akavuta pumzi puani
kama afisa wa forodha asiyemwamini msafiri,
akakaa kimya kidogo.
Kisha akavua glavu moja,
akanyosha mkono.
"Kakao ipo?"